Okonkwo Alitazama Pembeni: Niliyojifunza Kuhusu Kupanga Insha ya Mhusika

Nafundisha fasihi ya Kiingereza kidato cha tano na cha sita, na katika riwaya zote ninazosoma na wanafunzi, hakuna inayonipa kazi na furaha kama Things Fall Apart ya Chinua Achebe. Wengi wetu Afrika Mashariki tuliisoma shuleni, wengine kwa tafsiri ya Kiswahili iitwayo Shujaa Okonkwo. Kila nikitoa swali la insha kuhusu Okonkwo, mipango inayonijia mwanzoni huwa inafanana kama imeandikwa na mkono mmoja: Okonkwo ni jasiri, Okonkwo ni mchapakazi, Okonkwo ni mkali, Okonkwo ana hasira za haraka, Okonkwo anadharau wanawake, Okonkwo anashika mila. Chini ya kila sifa mfano mmoja, basi. Ni madesa hayo, majibu ya kukariri, yametoka kwa kaka yakaenda kwa mdogo wake, yamevuka shule hadi shule.

Siwalaumu wanafunzi. Madesa yana ukweli ndani yake, na mtu aliyebanwa na masomo matatu na mtihani unaobisha hodi atashika kinachoshikika. Lakini sifa sita zilizopangwa mstari hazijibu swali lolote. Unaweza kuziweka chini ya swali la mwaka huu au la mwaka mwingine wowote bila kubadili neno. Kwa miaka niliyosimama mbele ya ubao nimefika mahali pa kuamini jambo moja kwa moyo wote: mpango wa insha ya mhusika unaanzia pale mhusika anapotenda jambo lisilolingana na sifa anazojulikana nazo. Hapo mwanafunzi anapata la kusema ambalo ni lake mwenyewe.

Muhula mmoja niliwapa swali ambalo limezoeleka sana: jadili ni kwa kiasi gani Okonkwo alisababisha anguko lake mwenyewe. Kabla mtu hajaanza kupanga, huwa naomba darasa liniambie swali linataka nini. Jibu la kwanza ni "linataka tujadili". Tujadili nini? Kimya. Kisha mmoja anaona: linataka kipimo. Halitaki ndiyo wala hapana, na halitaki hadithi isimuliwe upya tangu mieleka ya Okonkwo na Amalinze mpaka kamba aliyojinyongea mwishoni. Anayepima lazima awe na vitu viwili vya kulinganisha. Basi tukachora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja yale Okonkwo aliyoyatenda kwa mkono wake, upande wa pili yale yaliyomkuta.

Mengi yalijipanga bila ubishi. Kumpiga mke wake Ojiugo katika Wiki ya Amani, wakati hata neno kali halikubaliki Umuofia, kwao Okonkwo: upande wake. Mwaka wa ukame na mafuriko uliokuta shamba lake la kwanza, lililopandwa mbegu za viazi vikuu alizokopa: upande wa yaliyomkuta. Kuja kwa Wazungu, huko huko. Ndipo tukafika sura ya 13, kwenye bunduki.

Katika mazishi ya mzee Ezeudu, bunduki ya Okonkwo inalipuka na kipande cha chuma kinamchoma moyoni kijana wa miaka 16, mtoto wa marehemu. Kwa hilo Okonkwo anaondoka Umuofia kwa miaka 7. Tuiandike upande gani? Kijana mmoja alisema bila kusita kwamba ni ajali, na kitabu chenyewe kinasema hivyo. Binti aliyekaa nyuma yake akamuuliza, marehemu ni nani? Ezeudu. Na Ezeudu ni nani kwa Okonkwo? Ni yule mzee aliyemfuata nyumbani kumwonya asitie mkono katika kifo cha Ikemefuna, kijana aliyelelewa nyumbani kwa Okonkwo na ambaye mzimu umeamuru auawe, kwa kuwa mtoto yule anamwita baba. Achebe angeweza kuilipua bunduki ile katika msiba wowote, akachagua msiba wa mtu huyo. Mwingine akakumbuka kwamba Okonkwo hakuwahi kuua hata panya kwa bunduki yake, na kwamba huko nyuma alishamfyatulia mkewe Ekwefi akamkosa. Kengele ililia watu bado wamesimama. Bunduki tuliiandika juu ya mstari wenyewe, katikati, na kwa maoni yangu insha ya darasa lile ilizaliwa hapo. Mambo yanayokataa kukaa upande mmoja ndiyo ninayowaambia wayatafute, wayazungushie duara, wayarudie.

Baada ya hapo kila mtu alikata karatasi vipande vidogo. Kipande kimoja, tukio moja: namba ya sura, nani alifanya nini, na swali moja la msomaji. Hapo nina sharti ambalo silegezi. Sifa haiingii kwenye mpango mpaka iwe na kitenzi. Huandiki "Okonkwo ni mkatili". Unaandika alichofanya, kwa nani, wapi, baada ya nini. Ukishaandika hivyo mara kadhaa, sifa yenyewe huanza kuyumba, na kuyumba huko ndiko kunakotufaa.

Mfano ni sura ya 7, ambayo kila mtu anadhani anaijua. Madesa yanasema: Okonkwo alimuua Ikemefuna, huo ni ukatili. Tuliisoma polepole, sentensi kwa sentensi. Wanaume wako njiani, kijana kabeba mtungi wa pombe kichwani, hajui anapelekwa kuuawa. Mtu aliye nyuma yake anakohoa kidogo, kijana anageuka, anakemewa aendelee mbele. Anajiuliza mbona Okonkwo amerudi nyuma kabisa ya msafara. Kisha aliyekohoa anainua panga, na Okonkwo anatazama pembeni. Anasikia pigo tu. Mtungi unaanguka, unavunjika mchangani. Ikemefuna analia kwamba baba yangu, wameniua, anamkimbilia yeye, na Okonkwo, amepumbazwa na hofu, anachomoa panga na kumkata. Msimulizi hatuachi tubahatishe sababu: aliogopa kuonekana dhaifu.

Binti yule yule wa bunduki aliandika kwenye kipande chake: "Sura ya 7. Okonkwo anatazama pembeni. Mtu mkatili anatazamaje pembeni?"

Nilimwomba asome swali lake kwa sauti, kisha nikakaa kimya. Darasa lilirudi kwenye vitabu. Katika sura ya 8 Okonkwo hali chakula siku mbili, anakunywa pombe ya mchikichi tu, halali, kisha anajisuta kwamba amegeuka bibi kizee anayetetemeka. Anayefanikiwa kumlisha ni Ezinma, binti yake, na anapomtazama anawaza kwamba angezaliwa wa kiume. Mtu mwingine akaenda mbele hadi usiku ambao Chielo, kuhani wa mzimu uitwao Agbala, anambeba Ezinma mgongoni kwenda pangoni. Okonkwo anatokea gizani na panga lake, tunadhani amefika mara hiyo moja. Sura ya 12 ndiyo inayotuambia kwamba alikuwa amekwenda na kurudi, na ni safari ya nne ndiyo iliyomkutanisha na Ekwefi, mama wa Ezinma aliyekuwa akiwafuata, Okonkwo akiwa tayari amejaa wasiwasi. Mwandishi ameificha huruma ya baba huyu vile vile ambavyo baba mwenyewe anaificha. Sijui furaha kubwa zaidi katika kazi yangu kuliko kuona mwanafunzi akigundua jambo kama hilo kwa macho yake, bila kuambiwa.

Sasa vipande vilikuwa vimejaa meza na kila mmoja alitakiwa kuandika dai lake, sentensi moja atakayoitetea insha nzima. Dai la kwanza kusomwa lilisema Okonkwo alikuwa mkali mno, ndiyo maana akaanguka. Niliuliza nani analikataa. Hakuna. Dai ambalo hakuna wa kulikataa halihitaji kurasa nne za kulitetea. Baada ya kufutafuta, binti yule aliandika hivi: Okonkwo alijiangusha kwa sehemu kubwa, kwa sababu kila mara moyo wake ulipotaka kwenda kwa watu, hofu ya kufanana na baba yake iliurudisha, na wakoloni walipofika walimkuta amekwisha kubaki peke yake.

Hilo lilipata wa kulikataa papo hapo. Kijana aliyetetea ajali ya bunduki alisema hofu hiyo Okonkwo hakujitengenezea. Alikuwa mtoto mdogo alipoambiwa na mwenzake wa kucheza kwamba baba yake ni agbala, jina wanaloitwa wanawake na mwanamume asiye na cheo. Jamii nzima inapima uanaume kwa vyeo na viazi vikuu, halafu tunamlaumu mtoto aliyefaulu kipimo hicho kupita wote? Ni hoja nzito, nami naipenda. Nikamuuliza binti atafanya nini nayo. Akasema: Obierika.

Obierika ni rafiki wa Okonkwo, ana cheo, ni mtu mzima wa Umuofia ile ile. Hakwenda kwenye safari ya kumuua Ikemefuna. Anamwambia Okonkwo wazi kwamba kama mzimu ungeamuru mwanawe auawe, asingebisha, lakini asingekuwa yeye wa kutekeleza. Kwa hiyo ukoo ule uliacha nafasi ya kukataa bila kuasi, na Okonkwo hakuitumia. Darasa lilidhani mambo yamekwisha, lakini kijana alikuwa amefunua mwisho wa sura ya 13: Obierika huyo huyo yumo katika kundi linalobomoa boma la Okonkwo baada ya kuondoka, na anakumbuka pacha wa mke wake aliowatupa msituni kwa sababu sheria ya ardhi ilitaka hivyo. Naye alitii, naye aliumia. Tofauti ni kwamba alikaa akajiuliza kwa nini. Binti aliinamisha kichwa na kuongeza sentensi kwenye kipande chake. Dai lake lilitoka kwenye ubishi ule likiwa na nguvu zaidi, na la kijana pia. Tangu hapo, kila mpango ninaoupokea lazima uonyeshe nani katika riwaya yuko katika hali ile ile ya mhusika mkuu akatenda tofauti. Bila mtu wa kulinganisha naye, neno "kiasi" katika swali linabaki hewani.

Upande wa yaliyomkuta nao unadai haki yake, na hapa ndipo insha nyingi hukimbia. Mwanafunzi anaandika "ukoloni pia ulichangia" na kuhamia hitimisho. Mimi nawarudisha kwenye vitendo. Kijiji cha Abame kinafagiliwa na Wazungu siku ya soko. Viongozi sita wa Umuofia Okonkwo akiwemo, wanaitwa kwa maneno mazuri na Bwana DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni, wanafungwa pingu wakiwa wameketi, wananyolewa vichwa na matarishi. Faini inapangwa mifuko 200 ya kauri, simbi zilizotumika kama fedha. Matarishi wanakwenda kutangaza 250 ili nyingine iingie mifukoni mwao. Walionyolewa pamoja na Okonkwo hawakuwa na hasira zake. Basi mtu mtulivu angefanya nini mbele ya serikali ya namna hiyo? Mpango usioweza kujibu swali hilo kwa uaminifu haujaiva, hata kama dai lake ni zuri. Na Nwoye naye, mtoto wa kwanza, anayehamia dini mpya na kuitwa Isaac: hapo Okonkwo anautazama moto na kuwaza kwamba yeye ni moto uliozaa majivu baridi. Darasa zima lilisema kwa pamoja "moto huzaa majivu", methali waliyoikuta kwa bibi zao, na ghafla yule mtu wa Umuofia akawa jirani yetu.

Utangulizi sitausemea sana. Wanafunzi hupenda kuujaza maisha ya mwandishi: Achebe alizaliwa 1930 huko Ogidi, riwaya ilitoka London mwaka 1958, miaka miwili kabla ya uhuru wa Nigeria, mwaka 1962 alihudhuria mkutano wa waandishi pale Makerere. Yote ni kweli, na karibu yote hayasaidii dai. Bakiza linalokufanyia kazi, futa mengine. Sentensi tatu zinatosha.

Kuna jambo la lugha ambalo nalitetea hata mbele ya walimu wenzangu wasiokubaliana nami. Insha inaandikwa kwa Kiingereza, lakini mpango tunaupanga kwa Kiswahili. Wanafunzi wangu wanabishana kwa Kiswahili, wanashtuka kwa Kiswahili. Ukiwalazimisha kupanga kwa Kiingereza, wanarudi haraka kwenye sentensi walizokariri, kwa sababu ndizo zilizo karibu na ulimi. Yule binti asingeuliza mkatili anatazamaje pembeni kama angekuwa anatafuta kwanza namna ya kuliunda swali kwa lugha ya mtihani. Fikra ikishasimama, kuivusha ni kazi ya jioni moja, na kamusi ipo.

Mpangilio ndio uliobaki. Nilimwomba kila mmoja aandike sentensi moja kwa kila aya, kisha azisome mfululizo. Kama zinasomeka kama hadithi ya kitabu, sura ya kwanza hadi ya mwisho, vipande vichanganywe upya. Mpango wa binti ulianza na hofu: Unoka, baba wa Okonkwo, filimbi yake, mistari ya madeni ukutani, kila mstari kauri mia moja, na mtoto anayeapa kuchukia kila alichokipenda baba. Aya ya pili ilikuwa Ikemefuna na usiku wa pangoni pamoja, ingawa kitabu kimezitenganisha, kwa kuwa zote zinaonyesha huruma iliyofichwa. Ya tatu Obierika. Ya nne ilikuwa ya upinzani, bunduki na serikali mpya, na aliipa nafasi kubwa kuliko zote. Ya tano mwisho wenyewe: Okonkwo anamkata tarishi kichwa, watu wanawaacha matarishi wengine watoroke, sauti inauliza kwa nini amefanya hivyo, na anajua hapatakuwa na vita.

Nilidhani amemaliza. Baada ya siku chache alinifuata ofisi ya walimu na kitabu kimefunuliwa sura ya 3. Ule mwaka wa mvua mbaya, Unoka akiwa mgonjwa, alimwambia mwanawe asikate tamaa: moyo wenye kiburi unaweza kustahimili kushindwa kwa watu wote pamoja, lakini mtu anaposhindwa peke yake, hayo ndiyo machungu makubwa. Hakuwa na kipande cha maneno hayo. Alitaka yaingie, na alitaka yaingie aya ya mwisho.

Nilimuuliza kwa nini asiyaweke ya kwanza, pamoja na Unoka. Alikuwa amejiandaa. Akasema katika aya ya kwanza Unoka lazima aonekane jinsi Okonkwo anavyomwona, mtu wa kukimbiwa. Msomaji akisikia hekima yake mapema, hofu ya mwana itaonekana upuuzi. Lakini mwishoni, Umuofia ilipokataa kupigana na Okonkwo akasimama peke yake na panga lenye damu, ndipo msomaji aambiwe kwamba baba aliyekimbiwa maisha yote ndiye aliyekwisha kueleza anguko hili. Sikuwa na la kuongeza. Alifuta aya ya tano mbele yangu akaiandika upya, na ikabidi ya nne ipunguzwe ili ya tano ipate nafasi.

Insha ilipokuja niliandika swali moja pembeni: Obierika amesimama pale karibu na mwili wa rafiki yake, anamwambia Bwana DC kwamba huyu alikuwa mmoja wa watu wakubwa kabisa wa Umuofia na kwamba Wazungu ndio waliomsukuma kujiua. Je, kweli Okonkwo alishindwa peke yake? Kesho yake alileta nusu ukurasa. Alijibu kwamba maneno hayo Obierika anamwambia Mzungu, wakati Okonkwo hasikii tena, na kwamba mila inamkataza yeye na wenzake hata kuugusa mwili, wageni ndio walipwe kuushusha. Halafu akaongeza kwamba hata hivyo anaona sentensi ya dai lake inapaswa kusema "karibu peke yake", na akaomba ruhusa ya kuibadilisha. Niliirudisha karatasi, akairekebisha, na nusu ukurasa ule tukaupachika mwisho wa aya ya Obierika.